Safu Arobaini Kabla ya Saa Tisa

Saa mbili na nusu asubuhi

Faiz alifunga dirisha, akafunga mlango, kisha akauliza ni nani aliyefunga dirisha na joto lote hili. Siku ilikuwa imeanza vibaya na kazi yenyewe bado.

Chumba kilikuwa cha nyuma, ghorofani, juu ya duka la halua lililofungwa zamani huko Mji wa Kale, Mombasa. Kichochoro cha chini ni chembamba hivi kwamba jirani akikaanga vitunguu, machozi yanakutoka wewe. Ndani mlikuwa na meza mbili, simu nne, kompyuta moja, birika la kahawa chungu na watu wanne wasiopendana. Walihitajiana tu.

"Sikizeni, sirudii," alisema Faiz. Tangu jana alikuwa amesharudia mara tatu. "Wateja arobaini. Wote walijaza fomu za matangi ya maji kwenye ile kampuni yetu kabla haijafa. Wote wa benki moja. Watuamini. Twawapigia, twawaambia tangi la lita elfu limeshuka bei, walipe kidogo kidogo, benki itakata yenyewe kila mwezi. Mteja atupe jina kama lilivyo benki, nambari ya akaunti, tawi, kitambulisho. Mwisho aseme ndiyo. Sauti yake ikisema ndiyo, hiyo ndiyo sahihi yake."

"Na benki ikate," alisema Menza.

"Ikate mara moja. Yote."

Menza alicheka peke yake. Alikuwa mtu wa Kaloleni, amepita miaka arobaini, mwenye sauti laini ya kumtoa nyoka pangoni na subira ya dakika mbili.

"Mtu wetu wa benki ataiingiza faili saa tisa kamili, mkubwa wake akiwa mkutanoni," Faiz aliendelea. "Safu arobaini, kila mteja na safu yake. Safu tatu zikikosea, si neno. Ya nne ikikosea, mtambo waitupa faili nzima, na kengele yalia kwa wakubwa. Mwanifahamu? Tarakimu kumi na tatu kila akaunti. Sitaki makosa."

"Fomu zenyewe zina nambari," alisema Menza. "Kwa nini tusumbue watu?"

"Kwa sababu fomu zilijazwa na watu kama wewe," alijibu Swabaha.

Alikuwa amekaa pembeni, mikono ameikunja, buibui amelisukuma nyuma ya kisogo kwa joto. Miaka saba aliimaliza na kisikizio sikioni katika kampuni ile, na kazi yake ilikuwa kusikiliza simu za wenzake na kusahihisha walichoandika. Kampuni ilipokufa, ilikufa na mishahara ya miezi mitatu. Faiz, aliyekuwa msimamizi wao, aliondoka na kabati zima la fomu. Swabaha aliondoka na kikombe chake cha chai. Hakuna mtu kisiwani aliyejua kuchukua nambari kwa simu kama yeye, na ndiyo sababu Faiz alimfuata hadi kwao Tononoka, akambembeleza wiki nzima.

Sababu ya kukubali ilikuwa Yumna. Mtoto alikuwa na miaka saba, na baba yake, Kamaludin, alikuwa amepeleka madai kwa kadhi kwamba mama hana kazi, hana nyumba, hana cha kumlea. Kesi ilikuwa Jumatatu. Leo Alhamisi. Swabaha alikuwa ameona chumba na sebule kule Ganjoni, mwenye nyumba anangoja malipo. Akifika kwa kadhi na risiti ya nyumba mkononi, atarudi na mwanawe. Asipofika nayo, Kamaludin atamchukua. Hapo hapakuwa na njia ya tatu.

"Na sauti zetu?" aliuliza. "Simu zote zarekodiwa. Mteja asema ndiyo, na mimi nasikika nikimwuliza."

"Ketty atazikata. Yatabaki majibu ya mteja tu. Nimekuahidi."

Ketty alikuwa yule wa kompyuta, msichana wa maneno machache, anayetafuna ubani kutwa kucha. Hakuinua macho. Swabaha aliliona hilo, akalipuuza, na baadaye alijilaumu sana kwa kulipuuza.

Saa tatu na robo

Simu ya kwanza ilichukua dakika ishirini na mbili. Kumi na moja zilikuwa salamu.

Huwezi kumpigia mtu wa Mji wa Kale ukaanza na akaunti. Utaulizwa hali. Utaulizwa watu wa nyumbani. Utaulizwa wewe ni wa wapi, ukisema Tononoka utaulizwa ni nyumba gani, ukitaja nyumba utaambiwa, aa, basi mama yako namjua. Swabaha alijipa jina la Nabiha na mji wa Malindi, na bado bwana mmoja alikuwa na shemeji Malindi.

Wa pili alisoma nambari ya simu yake badala ya akaunti. Wa tatu alisoma tarakimu kumi na sita za mbele ya kadi ya benki, kwa fahari kubwa. Wa nne alikuwa na kitabu cha benki ya posta cha mwaka wa kale. Wa tano alisema angoje, amtafute mkewe, ndiye ajuaye miwani iliko. Swabaha alingoja. Alisikia kabati likifunguliwa, likifungwa, watu wakigombana, jogoo akiwika. Mwisho alisikia kimya. Mzee alikuwa amesahau kwamba ameacha simu wazi.

Swabaha alibana meno, akapiga tena.

Meza ya pili Menza alikuwa mbele yake kwa safu tatu. Swabaha alivuta karatasi yake, akaitazama.

"Hizi umezipataje upesi hivi?"

"Nawasomea iliyo kwenye fomu, nauliza ni sawa? Wanasema sawa."

"Ya Rabbi! Menza, watakwambia sawa hata ukiwasomea bei ya nyanya Marikiti! Hawa ni watu wa adabu. Mgeni amepiga simu, amewaamkia vizuri, amesoma nambari ndefu kwa upole. Nani atamwambia amekosea? Wataona haya. Asome mwenyewe, kutoka kwenye karatasi ya benki. Mara mbili. Ya pili aanzie mwisho kurudi mwanzo. Zikilingana, andika. Zisipolingana, anza upya."

"Tutamaliza mwakani."

"Rudia hizo tatu."

Menza alimtazama Faiz. Faiz alitikisa kichwa kukubali. Menza alirudia, na zote tatu zilikuwa na kosa. Alitupa kalamu ukutani, akaenda mwenyewe kuiokota.

Saa tano na dakika hamsini

Safu kumi na tatu. Zilihitajika ishirini na tano kwa wakati huo.

Faiz alikuwa akizunguka meza. Marashi yake yalimtangulia na kumfuata. Kila dakika kumi alimwuliza Ketty ziko ngapi, na kila dakika kumi Ketty alimwonyesha skrini bila kusema. Stima ilizimika mara mbili. Mara ya pili ilizimika mteja akiwa katika tarakimu ya kumi na mbili, na aliporudi hewani alikuwa amebadili nia. Swabaha alitamani kulia kwa hasira, akaona machozi yatampotezea muda.

Alipiga safu ya kumi na nne. Bi Mejumaa wa Kibokoni, mwalimu wa chuo cha Kurani, miaka sabini na minne.

"Alhamdulillahi, mwanangu. Tangi? Nalitaka sana. Mai hayaji, siku ya tatu leo. Nanunua madumu kwa mkokoteni, na wale wapandisha ngazi wanidai zaidi ya mai yenyewe."

"Utanisomea nambari ya akaunti, bibi?"

"Mato hayaoni. Yana utando, nangoja kutengezwa mwezi ujao, pesa nishaziweka huko huko benki. Nisomee wewe uliyo nayo."

Swabaha alikuwa na mtego wake wa siku nyingi wa kuwapima wateja. Alisoma nambari ya kwenye fomu, na kwa makusudi akapindua tarakimu ya nne.

"Ni sawa, bibi?"

"Sawa, mwanangu."

Swabaha alifumba macho. "Bibi, nilikosea moja kusudi. Hukusikia?"

Upande wa pili palitoka kicheko cha aibu. "Nilisikia. Ya nne ni saba, wewe umesema mbili. Lakini wafanya kazi yako, wasema kwa heshima, nikukosoe mimi? Nikasema atajirekebisha mwenyewe mbele."

"Unaijua kwa kichwa?"

"Mwanangu, mimi n'najua juzuu thelathini kwa kichwa. Tarakimu kumi na tatu ndiyo nini?"

Akazisoma polepole, kwa kituo, kisha bila kuombwa akazisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Hakukosea hata moja. Katika asubuhi ile yote ya miwani iliyopotea na kadi zilizopinduliwa, mtu wa kwanza kutoa nambari safi kwa mkupuo mmoja alikuwa yule asiyeona. Swabaha aliiandika kwa penseli kwenye karatasi yake, kama desturi, kabla ya kumpa Ketty. Pesa za macho! Alijiambia Jumatatu, Jumatatu, kama mtu anayejichapa, akapiga simu nyingine.

Saa saba na nusu mchana

Adhuhuri iliwala saa nzima. Kuanzia adhana hadi watu watoke msikitini, wale chakula na wajinyooshe, hakuna aliyeshika simu. Faiz alikuwa amepanga kila kitu katika mpango wake isipokuwa sala na wali. Mtoto wa Mombasa, amezaliwa Mombasa, na hakulifikiri hilo.

Safu ishirini na moja. Kumi na mbili za Swabaha, tisa za Menza. Muda uliobaki, saa moja na nusu.

"Basi," alisema Faiz. "Menza, hizi kumi na tisa zilizobaki, wasomee zilizo kwenye fomu. Waseme sawa, waseme ndiyo, weka simu chini. Dakika tatu kila mmoja."

"Faiz, nusu zitakuwa mbovu," alisema Swabaha. "Umeona mwenyewe asubuhi."

"Nimeona umenipotezea siku."

"Umeniita kwa sababu najua kazi hii!"

"Nimekuita upige simu, sikukuita unifundishe!" Alipiga meza, birika likaruka. "Wajifanya mwalimu hapa? Wewe ni mwizi, Swabaha. Mwizi kama sisi. Tofauti yako ni moja tu, waiba taratibu."

Neno hilo lilimuuma Swabaha kwa sababu lilikuwa la kweli. Menza alipiga, akasoma, akauliza sawa. Sawa. Akapiga, akasoma. Sawa. Sauti yake tamu ilikatika baada ya simu ya kumi, akawa anasoma kama karani aliyechoka, na bado wakamwambia sawa.

Saa nane na dakika thelathini na tano

Safu arobaini zilitimia. Faiz alikuwa karibu kutabasamu simu yake ilipolia. Alisikiliza, rangi ikamtoka.

"Ni mtu wetu," alisema akiziba simu kwa kiganja. "Ataka kiapo kuwa ni safi. Asema leo mtambo umewekewa macho ya ziada." Akamgeukia Swabaha, na sasa sauti ilikuwa ya kubembeleza, ile ile ya Tononoka. "Dada yangu. Chagua sita katika za Menza. Zipime kwa njia yako. Robo saa. Zikiwa nzuri, twapeleka. Zikiwa mbaya, nimwambie leo hapana, tungoje mkutano wa Jumatatu."

"Jumatatu sina."

"Basi zipime."

Alitoka kwenda kuongea ngazini. Swabaha alichukua sita. Wa kwanza alishika simu na miwani machoni, mshukuru Mungu. Nambari ya fomu ilikuwa mbovu. Wa pili mbovu. Wa tatu nzuri. Wa nne mbovu. Wa tano hakupokea. Wa sita alikuwa amefunga akaunti ile tangu mwaka juzi.

"Mbona uliniambia sawa, baba?" Menza alimwuliza huyo wa mwisho, maana Swabaha alikuwa amempa simu asikie mwenyewe.

"Uliuliza vizuri, mwanangu," alijibu yule mzee.

Menza aliweka simu chini polepole. "Nne kati ya tano," alisema. "Zikienda hivi twafa."

"Hazitakwenda. Namwambia angoje," alisema Swabaha.

Alisimama. Ndipo Ketty alipotema ubani wake kwenye karatasi, akaikunja vizuri, akasema bila kugeuka:

"Kabla hujamwambia, njoo uone."

Aligeuza skrini. Simu zote za asubuhi zilikuwa zimepangwa. Zilikuwa nzima. Hakuna iliyokatwa. Ketty alibonyeza moja, na Swabaha akajisikia mwenyewe akimwamkia Bi Mejumaa, sauti wazi kabisa, kila pumzi. Chini palikuwa na barua fupi iliyoandikwa tayari. Mkuu wa mauzo, Swabaha binti Sufyan, wa Tononoka. Msaidizi wake, Menza. Nambari za vitambulisho vyao zilikuwepo. Jina la Faiz halikuwepo popote, wala sauti yake. Siku nzima hakugusa simu ya mteja hata moja.

"Aliniambia nisikate," alisema Ketty. "Pesa zikishatoka, barua hii yaenda polisi na kanda zake. Wao wapate watu, yeye apate njia. Usiku huu yuko mpakani. Mimi amenipa elfu hamsini ninyamaze."

"Mbona waniambia?"

"Kwa sababu elfu hamsini ni kidogo!" Kisha macho yakamjaa maji, akayapangusa kwa hasira. "Na kwa sababu yule bibi wa juzuu thelathini nimemsikia mimi pia. Nina masikio."

Menza alimwita Faiz jina ambalo haliandikiki. Alikuwa ameshaelekea mlangoni, ngumi zimekazwa, Swabaha akamshika mkono.

"Kaa."

"Nikae? Ametuuza!"

"Kaa, Menza. Ukimpiga, atangoja hadi Jumatatu, na Jumatatu atapata wengine wa kupiga simu."

Alisimama katikati ya chumba. Aliwaza chumba na sebule cha Ganjoni, chenye dirisha la rangi ya kijani ambalo Yumna alisema litakuwa lake. Alikiwaza kwa muda mfupi sana kisha akakiacha, na kukiacha kulimuuma kifuani kweli kweli. Faili ikipita, anafungwa. Ikingoja, anafungwa baadaye. Kwa vyovyote sauti yake ilikuwa imeshatoka. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa kimoja tu, sikio lake, na Faiz alikuwa anakuja kuliuliza.

Saa nane na dakika hamsini na tano

Faiz aliingia, simu bado sikioni, jasho limelowesha kola.

"Haya. Umezipima?"

"Nimezipima."

"Zote sita?"

"Wote niliowapata."

"Umewasomesha wenyewe? Mara mbili?"

"Kama kawaida yangu."

Alimkazia macho. Kwa nukta moja Swabaha alidhani amegunduliwa. Lakini Faiz alikuwa mtu wa haraka, na mtu wa haraka husikia lile analolitaka.

"Kwa hiyo niambie. Sawa?"

Swabaha alitabasamu kwa adabu, kama mteja mwema wa Mji wa Kale ambaye hapendi kumsumbua mgeni.

"Sawa, ndugu yangu," alisema.

Faiz alimwambia yule wa simuni kwamba ni safi, wallahi ni safi. Ketty alibonyeza. Faili ikaenda.

Saa tisa na dakika kumi na moja

Simu ya Faiz ililia. Aliipokea akicheka, akaacha kucheka. Sauti ya upande wa pili waliisikia wote, haikuwa ya mtu wao. Ilikuwa sauti nene, tulivu, inauliza anazungumza na nani na yuko wapi.

Faiz aliikata. Aliitazama simu kana kwamba imemwuma.

"Ngapi?" alimwuliza Ketty.

Ketty alisoma ujumbe wa mwisho wa mtu wao kwenye skrini. "Kumi na moja zimekosea. Faili imetupwa."

"Umesema sawa," Faiz alimwambia Swabaha. Hakupiga kelele. Alionekana kushangaa zaidi kuliko kukasirika. "Nimekuuliza ukasema sawa."

"Uliuliza vizuri," alijibu Swabaha.

Faiz alimrukia. Kiganja kilimpata shavuni, mdomo ukapasuka, na kabla hakijarudi mara ya pili Menza alikuwa amemshika Faiz shingo na kumbamiza kwenye kabati la fomu. Karatasi zilimwagika. Walipigana bila maneno, watu wawili wazima wakihema na kuteleza juu ya majina ya watu. Faiz alichomoka, akafungua mlango, akashuka ngazi tatu tatu. Yule wa benki alikuwa amekunywa kahawa chumba hiki hiki wiki iliyopita. Akiulizwa, atasema. Na benki ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na kwa gari la polisi si mwendo hata kidogo.

Ketty alikuwa ameshavaa mkoba. "Kwaherini," alisema, kama mtu anayetoka ofisini, akapita mlango wa nyuma unaotokea kwa wauza vitambaa.

Menza alisimama na karatasi yake mkononi, damu inamchuruzika puani. "Twende. Tupitie Marikiti, kule hawatutambui."

"Nambari hazikupotea," alisema Swabaha. "Yule wa benki anazo. Faiz anazo. Kesho watazitumia kwa njia nyingine. Lazima watu waambiwe."

"Utakamatwa, we mwanamke!"

"Jina langu wanalo, Menza. Nitakimbilia wapi, kwa kadhi?"

Menza alitazama karatasi yake, zile tisa za asubuhi zilizo za kweli. "Zangu nitazipigia njiani," alisema, akaondoka. Swabaha hakujua kama atazipiga. Hajui hadi leo.

Saa tisa na dakika ishirini

Alikaa mezani. Alibonyeza kitufe cha kurekodi mwenyewe, taa nyekundu ikawaka. Kisha akachukua karatasi yake ya penseli, watu kumi na wawili aliowadanganya kwa mdomo wake, akaanza kupiga.

Na wao wakaanza kumwamkia.

"Mzee, sikiliza, sina muda. Mimi si Nabiha. Hakuna tangi. Nenda benki sasa hivi."

"Sawa, mwanangu. Tangi litafika lini?"

"Hakuna tangi!"

"Haya, si neno, hata wiki ijayo."

Alitaka kuipasua simu. Alirudia. Alirudia tena. Siku nzima aliwapa watu hawa uongo wakamwelewa kwa neno la kwanza, na sasa anawapa ukweli hauingii. Mmoja alidhani ni mzaha. Mmoja alimpa pole kwa kuugua. Watano walimchukua dakika ishirini na tano, na alikuwa na hakika ya watatu tu.

Wa sita alikuwa Bi Mejumaa.

"Bibi, mimi ndiye wa asubuhi. Jina langu ni Swabaha binti Sufyan, wa Tononoka. Nimekudanganya. Hakuna tangi. Nambari yako nimewapa wezi. Nenda benki sasa, kabla haijafungwa, wafunge akaunti."

"Sawa, mwanangu."

"Usiniambie sawa, bibi! Usinionee haya. Nirudishie nilivyosema."

Chini, mlango wa duka la halua ulisukumwa. Ukasukumwa tena kwa nguvu.

Bi Mejumaa alisafisha koo. Alirudisha neno kwa neno, kwa kituo, na hakuliacha jina wala uongo wala wezi. Alipofika mwisho aliuliza, "Niko peke yangu?"

"Mko wengi. Hapa nimebakiwa na sita, wote wa huko kwenu, na sitawafikia."

"Nipe majina."

"Bibi, huoni..."

"Miguu yangu yaona. Nipe majina, nitakwenda mlango kwa mlango."

Swabaha alimpa. Alitaja sita, na nyumba zao kama zilivyoandikwa kwenye fomu. Viatu vizito vilikuwa vimefika ngazi ya kwanza. Mtu alitoa amri kwa sauti ya chini.

"Nirudishie, bibi. Upesi."

Bi Mejumaa hakufanya upesi. Alimtaja wa kwanza na nyumba yake, wa pili na nyumba yake, mmoja mmoja hadi wa sita, kisha akarudi kutoka wa sita hadi wa kwanza, kama alivyofanya asubuhi.

Mlango uligongwa.

"Ni sawa?" aliuliza Bi Mejumaa.

Swabaha alikuwa amefuata kwa penseli jina baada ya jina. Alipangusa damu mdomoni. Alimwona Yumna, Jumatatu, amekaa kwenye benchi la kadhi na viatu vyake vyeupe, anaangalia mlangoni.

"Sawa, bibi," alisema. "Hukukosea hata moja."

Akaweka simu chini, akaacha taa nyekundu inawaka, akaenda kuwafungulia.